Halijafa na kiu hilo, limezama

Niseme mapema ili msije mkadhani mnasoma mtaalam, mi ni mtu wa manunuzi, kazi yangu ni kukimbizana na ankara na watu wanaotuletea karatasi na wino wa printa. Maua niliyapata kama mtu anavyopata uenyekiti wa kamati ya harusi, umechelewa kikao kumbe ushachaguliwa. Tulipohamia ofisi mpya huku mjini, ghorofa ya sita, vioo kila upande, bosi akazunguka akasema hapa panafanana na stoo ya hospitali, panataka kijani kijani, nani atashughulikia? Watu wote wakainamia simu. Mi ndo nilikuwa naingia na kikombe cha chai.

Nikanunua maua kumi na moja. Na nikisema maua namaanisha kama tunavyosema Dar, kila kinachokaa kwenye chungu ni ua hata kama hakijawahi kuchanua tangu kizaliwe. Nikachagua kwa macho, lile lenye majani makubwa zuri, lile jekundu zuri, lile la madoa zuri, kaka muuzaji akanipakia bajaji mbili nikafika ofisini kama bibi harusi. Miezi mitatu baadae yamebaki matatu. Nane yalikufa, na bora yangekufa kistaarabu, ila hapana, yalikuwa yanadondosha majani ya njano mbele ya wageni, lingine likalala chali kabisa pale mapokezi siku ambayo tuna wakaguzi.

Nikachukua maiti moja nikaitia kwenye mfuko nikarudi nayo kwa yule kaka, yuko kando ya barabara ya Bagamoyo, nimejipanga kugomba kweli kweli maana hela ya ofisi ina maelezo yake. Hakunijibu hata neno. Akaligeuza juu chini, akagonga kitako cha chungu, donge lote likatoka na udongo wake, mizizi ya kahawia, laini kama mlenda, inanuka mtaro. Akaniangalia kwa huruma, sio huruma kwangu, kwa ua. Akasema, "Dada yangu, halijafa na kiu hilo. Limezama."

Nimekaa na hiyo sentensi miaka mitatu sasa na karibu kila ninachokijua kuhusu maua ya ofisini kimetokea hapo.

Mizizi inapumua. Kwenye udongo kuna vijinafasi vya hewa, ukimwaga maji vinajaa, maji yakishuka hewa inarudi, ukimwaga tena kabla hewa haijarudi mizizi inakosa pumzi, inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji. Sasa hapo ndo utamu wa mkasa, mmea ambao mizizi imeoza unanyauka kama wenye kiu, wewe ukiuona umenyauka unafanya nini? Unaongeza maji. Nilichunguza kwetu nikakuta mi nilikuwa namwagia asubuhi, dada wa usafi anamwagia jioni akimaliza kudeki, mlinzi wa Jumamosi anamwagia kwa sababu anasema nayo ni viumbe, na wageni wakiondoka kwenye kikao yale maji ya chupa yaliyobaki nusu watu wanaona dhambi kuyamwaga sinki wanayamalizia kwenye chungu. Kila mtu ana huruma. Mmoja alikuwa anamalizia na chai ya maziwa, yenye sukari, nilijua baada ya kuona sisimizi wamepanga foleni ukutani.

Halafu ofisini mmea unakunywa kidogo kuliko nje. Huu ndo uelewa niliokosa. Nyumbani uani una jua, una upepo, maji ya asubuhi jioni hayapo. Ofisini hamna jua, mmea unatengeneza chakula kidogo sana, uko kama mtu aliyelala, na mtu aliyelala humnyweshi maji lita mbili. Kwa hiyo swali la kwanza sio "linamwagiwa mara ngapi kwa wiki". Swali la kwanza ni mwanga uliopo pale utakapoliweka.

Na macho yanadanganya jamani. Sisi tukiingia ndani jicho linajizoesha, tunaona kweupe tu, kumbe hatua tatu kutoka dirishani mwanga umeshashuka vibaya. Nilifundishwa kipimo cha bure, saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, nyanyua mkono juu yake kama futi moja. Ukiona kivuli kimechongoka unaweza kuhesabu vidole, hapo pana mwanga mzuri. Ukiona kivuli kama wingu, mkono unajulikana kwa shida, hapo ni pa maua sugu tu. Ukiwa huoni kivuli kabisa weka picha ya ua.

Kingine kilichonipoteza ni kusoma ushauri wa mtandaoni, wanakwambia liweke dirisha la kusini ndo lenye jua. Hao wako Ulaya na Marekani! Kwao jua liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua linahama, mwezi wa sita saba linapiga madirisha ya kaskazini, Desemba Januari linapiga ya kusini, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe kumi Oktoba linapita utosini kabisa. Dirisha la kusini ambalo Juni lilikuwa na kivuli cha upole, Desemba linakaanga majani. Nina ua lilikaa vizuri miezi saba nikajisifu, likaja kuungua ile wiki ambayo nusu ya ofisi imekwenda Moshi kula Krismasi na hamna wa kulisogeza. La mashariki ndo rafiki, jua la asubuhi halina ubaya. La magharibi kwa mji huu usiku mwema, saa tisa mchana kile kioo ni pasi.

Afu AC. Watu wanaogopa giza wanasahau AC, haya mengi ni maua ya misitu ya joto, yakipigwa na upepo wa baridi mfululizo yanadumaa, ncha zinakauka, na kwetu kuna mtu (anajijua) anaweka 16 asubuhi hadi watu wanavaa majaketi Dar es Salaam. Ijumaa jioni inazimwa, vioo vimefungwa, Jumamosi na Jumapili ofisi inakuwa oveni, Jumatatu 16 tena. Hata binadamu angepata mafua. Siwezi kumbadilisha huyo mtu, nimeshajaribu, nilichofanya ni kukata utepe mwepesi wa karatasi nikaunyanyua kila kona, pale unapopepea kwa upepo wa AC siweki ua, basi. Wa Nairobi nyie hamna hili, tatizo lenu ni ile baridi ya Julai kwenye dirisha usiku, lisogezeni ndani kidogo.

Sasa nije kwenye maua yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndo nilipopata mshangao wa maisha.

Kati ya yale matatu yaliyopona moja ni lile lenye vijiti vinene na vijani vinang'aa kama vimepakwa mafuta, yule kaka analiita zizi, jina lake la kitaalam ni Zamioculcas zamiifolia. Mi nilijua ni la Wazungu, kwenye picha zote za ofisi za Ulaya lipo. Siku moja nasoma nakuta kwao ni huku huku, pwani na nyika za Afrika Mashariki kuanzia Kenya kushuka Tanzania, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi miaka ya 1990 ndo likasambaa duniani, na Australia wanaliuza kwa jina la Zanzibar Gem, yaani kito cha Zanzibar. Sisi tunalinunua kama mgeni. Ukilichimba chini lina vitu kama viazi, humo ndo linaweka maji ya kiangazi, ndo maana halitaki kusumbuliwa. La kwangu nalimwagia mara moja kwa wiki tatu, msimu wa mvua hata wiki tano, na likikaa kwenye giza zaidi ndo napunguza zaidi. Ukilimwagia kila siku vile viazi vinaoza na hilo ndo karibu njia pekee ya kuliua. Ukitaka kugawia watu, chomoa kajani kamoja, kachomeke kwenye mchanga wenye udongo kidogo, ukasahau. Namaanisha ukasahau miezi, kwanza kanatengeneza kiazi chini ndo kanachipua. Watu wengi wanakachomoa kuangalia kama kameota, muache mtoto alale.

La pili ni lile la mapanga, majani yamesimama wima yana mistari kama chatu, sansevieria. Siku hizi wataalam wamelihamishia kwenye ukoo wa Dracaena lakini sokoni hamna anayejali. Hili lenye kingo za njano asili yake Afrika Magharibi, ila ndugu zake wamejaa huku kwetu porini, ndo ile mikonge pori ambayo watu walikuwa wanasokota kamba zamani kabla hata mkonge wa Tanga haujaja (ule wa Tanga ni wa kuletwa, mwaka 1893, asili yake Mexico, sisi tukaimba kabisa kuwa ni dhahabu yetu ya kijani). Na lile bonde la Oldupai kule Ngorongoro, lenye mafuvu ya kale, jina lake limetokana na neno la Kimasai la mmea wa aina hii. Kwa hiyo mapokezi kwetu tuna binamu wa Oldupai amekaa karibu na mashine ya maji. Linavumilia giza, linavumilia AC, halivumilii maji kusimama katikati ya majani yake, mwagia pembeni kwenye udongo. Ukilitaka lirefuke kweli lipe mwanga, kuvumilia giza na kupenda giza ni vitu viwili.

La tatu ndo lenye stori.

Ni lile refu lenye shina kama mti na majani marefu yanaanguka kama ya mahindi, mstari wa njano katikati, Dracaena fragrans. Nililinunua elfu sitini, ndo lilikuwa ghali kuliko yote, nimeliweka kwenye kona ya uhasibu. Kuna mama yetu mmoja pale uhasibu, wa Marangu, anakaribia kustaafu, siku hiyo nimepita nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba huku anakaza macho kwenye ua.

"Hili umenunua shilingi ngapi mwanangu?"

"Elfu sitini mama."

Akavua miwani. Akacheka mpaka akashika meza. "Elfu sitini! Mwanangu hili ni sale! Kwetu linaota mpakani mwa kihamba, ndo linaonesha kwangu mwisho hapa kwako unaanzia hapa, hamna anayelinunua."

Akanikalisha kwenye kiti akanipa darasa. Kwa Wachaga masale sio mapambo, yanapandwa kwenye mpaka wa shamba, yanapandwa kwenye makaburi, na ukimkosea mtu unachuma jani la sale unampelekea, huyo mtu hata awe na hasira vipi inakuwa ngumu kwake kukataa kukusamehe, kukataa sale ni jambo zito. Lile la kwao ni la kijani tupu, hili la kwangu lenye mstari wa njano ni la vitaluni, lakini ukoo huo huo.

Unajua kilichofuata. Lile darasa lilisikika ofisi nzima. Kama wiki mbili baadae yule kijana wa aiti (ndio, wa AC 16) alikuwa amefuta faili la yule mama, la mahesabu ya robo mwaka, na alishaomba msamaha kwa meseji hajajibiwa. Nakuja asubuhi namkuta amesimama mbele ya meza ya mama ameshika jani kwa mikono miwili, kichwa chini, na jani lenyewe amelikata kwenye ua langu. Mama akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Umenishinda." Akalipokea. Ofisi ikapiga makofi. Mi ndo nilibaki na ua lenye kisiki cha jani katikati na hamna mtu aliyeniletea sale mimi.

Hili sale la chunguni shida yake kubwa ni ncha za majani kuwa kahawia. Nilidhani ni maji machache, kumbe ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi na ukoo huu wa Dracaena unaichukia, unaisukumia kwenye ncha mpaka zinaungua. Dawa yetu imekuwa ya bure, yale maji yanayodondoka kwenye bomba la AC tunayakinga kwenye ndoo. Yale ni mvuke wa hewa umegeuka maji, hayana chumvi, kwa maua ya mapambo yanafaa kabisa, ila usimwagie mboga na usinywe. Kwa hiyo yule kijana na 16 yake kumbe anatulisha, nimemkubali shingo upande. Maji ya mvua nayo mazuri, masika tunatoa ndoo kwenye kibaraza.

Hayo matatu ndo ya kuanzia kwa mtu yeyote, sitazunguka. Mengine niliyoongeza baadae nayapitia haraka. Lile linalotambaa lenye majani ya umbo la moyo, wengi wanaliita mani planti, hilo hata kwenye chupa ya maji linaishi, likianza kutoa majani ya kijani tupu bila madoa ujue linalalamika giza. Pisi lili, lile la ua jeupe kama kijiko, jina limelifaa kwa sababu ni pisi kweli, linadeka, likisikia kiu linaanguka lote unadhani msiba, ukilimwagia baada ya masaa machache limesimama kama halikuwa lenyewe. Mi nalipenda kwa sababu linasema, mengine yananyamaza mpaka yanakufa. Monstera la majani yenye matobo lina asili ya Mexico na jirani zake, linataka mwanga na nafasi, ukiliweka gizani linatoa vijani vidogo visivyo na tobo hata moja. Krotoni, lile jekundu njano, jamani liache uani lilipozoea kuwa uzio, ndani linapoteza rangi na linapukutika, mawili kati ya marehemu wangu nane yalikuwa krotoni. Na yale majani makubwa kama gitaa, Ficus lyrata, usilisogeze sogeze, kila ukilihamisha linaangusha majani kwa hasira.

Kwenye kununua, muulize muuzaji limekaa wapi. Ua lililolelewa juani barabarani ukiliingiza ghafla kona ya ofisi linapata mshtuko, bora uchukue lile la nyuma kule chini ya neti. Geuza majani uangalie chini yake, kwenye maungio ndo wadudu wanajificha. Angalia jani jipya linalochipua, kama lipo basi mmea una afya, majani ya zamani hata yakiwa yamechanika hayana shida. Mengi yanauzwa kwenye viriba na udongo mzito mwekundu ambao nje unafaa lakini ndani ukilowa haukauki, mi nabadilisha, udongo mweusi sehemu moja, makapi ya mpunga au kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) sehemu moja, mchanga mnene sehemu moja. Chungu lazima kiwe na tundu. Nimesikia sana hii ya kuweka kokoto chini kwenye chungu kisicho na tundu, haisaidii, maji yanakaa tu juu kidogo badala ya chini kabisa. Kama una chungu kizuri cha kauri hakina tundu, weka ua kwenye chungu cha plastiki chenye tundu ndo ukitumbukize humo, siku ya maji unakitoa, unamwagia sinki, unaacha kimalize kudondosha, unarudisha.

Na kujua siku ya maji natumia kijiti cha mshikaki. Unakichomeka mpaka karibu chini, unakiacha dakika chache, ukikichomoa kikiwa na udongo umeng'ang'ania usimwage, kikitoka kikavu mwaga mpaka maji yatoke kwenye tundu. Kila chungu sa hivi kina mshikaki wake umesimama, wageni wanadhani ni urembo wa kisasa.

Kuhusu visahani vya chini, hapa sitanii. Msiache maji yakae kwenye visahani. Dar tumepata homa ya dengi kubwa 2014, tukapata tena 2019, na mbu wake Aedes anauma mchana, saa za kazi, na anapenda kuzaliana kwenye vyombo vidogo vya maji safi, makopo, matairi, visahani vya maua. Maana yake unaweza kujengea ofisi nzima kiwanda cha dengi kwa jina la kijani kijani. Kisahani kinamwagwa dakika kumi na tano baada ya kumwagilia, na mara moja kwa wiki kinasuguliwa na brashi kwa sababu mayai yake yanagandia pembeni na yanavumilia ukavu. Kumwaga tu haitoshi. Zile chupa za mani planti nazo badilisha maji kila wiki na uzisugue.

Wadudu wengine sio wa kuua watu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, chukua pamba, chovya kwenye spiriti, futa kimoja kimoja, rudia baada ya wiki, na litenge ua hilo na wenzake. Ukiona vumbi na utando mwembamba chini ya majani hao ni utitiri, wanapenda hewa kavu ya AC, peleka ua bafuni liogeshwe na maji ya sabuni kidogo. Na vile vinzi vyeusi vinavyozunguka kwenye kompyuta yako vinatoka kwenye udongo unaolowa kila siku, acha udongo ukauke juu utaona vinaisha, na acheni kumwaga chai. Majani yafutwe vumbi na kitambaa chenye unyevu mara moja kwa mwezi. Mbolea kidogo sana, mi nusu ya kipimo kila miezi miwili mitatu, na kwa lile lililo gizani hata hiyo siweki.

Bosi huwa anawaambia wageni maua haya yanasafisha hewa. Simkatizi mbele za watu ila hapa niko kwangu. Hiyo habari imetokana na utafiti wa NASA wa 1989, walifungia mmea kwenye kijisanduku kidogo kisichoingiza hewa, kweli gesi zikapungua. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakakusanya tafiti za namna hiyo wakapiga hesabu ya jengo la kawaida, wakapata ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ili ushindane na hewa inayoingia na kutoka yenyewe kwenye jengo. Yaani ofisi yetu ingekuwa msitu na sisi tungekaa juu ya matawi. Fungua dirisha. Maua weka kwa sababu jicho likitoka kwenye eksel linahitaji pa kutua.

Na kama kuna watu wanakuja na watoto ofisini, zizi, pisi lili, mani planti na monstera yote ni ukoo mmoja na magimbi, na unajua gimbi bichi linavyowasha mdomo, ni vijisindano vile vile ndani ya mmea. Hayaui mtu kwa kugusa kama wanavyosambaza kwenye magrupu ya Wasapu, lakini mtoto akitafuna atalia, mdomo utavimba, yaweke juu. Ukikata, nawa mikono usije ukajifikicha jicho.

Limebaki moja ambalo bado linanishinda nalo ni la kwetu kuliko yote, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, ya Usambara. Mwaka 1892 yule mtawala wa Kijerumani wa kule Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwao Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalam Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na toka hapo bibi wa kila kona ya Ulaya na Marekani ana moja dirishani jikoni, wana aina maelfu wamezichanganya, wakati huku porini mengine yamebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mi nimeua mawili. La kwanza nililimwagia maji ya baridi juu ya majani, yakatoka madoa, manyoya yake hayataki. La pili lilikaa chini ya AC.

La tatu liko dirisha la mashariki, mbali na upepo, nalinywesha kwa chini, nakalisha chungu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu wa kawaida nusu saa kisha natoa namwaga yaliyobaki. Nimelibandikia karatasi, USINIMWAGIE MAJI, kwa herufi kubwa. Jumatatu hii nimekuta vichomozi vitatu vya maua katikati, vimejikunja, rangi bado haijulikani. Na chini ya karatasi yangu mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: na soda je?

Mwandiko naujua. Atakuja na jani.